Handaki Halina Mwenyewe

Ijumaa, tarehe tisa Mei, tulipoteza njia ya nyuma. Asubuhi hiyo mama alikuwa ameipita akienda mtoni kuangalia magimbi yake, tunayoyaita nduma, na akarudi kwa njia hiyo hiyo na matope kwenye viatu. Baada ya chakula cha mchana lori likaja kumwaga mawe. Nilipofika jioni kutoka kazini, msingi wa ukuta ulikuwa umechimbwa, mstari wa kwanza wa mawe umelazwa, na mama amesimama upande wa kwetu, mikono nyuma, akiwatazama mafundi wakinawa.

"Wamechimba palepale," akaniambia. Kisha akaingia ndani.

Kijiji chetu kiko bondeni, kati ya Spring Valley na Kitisuru, mitaa ya matajiri wa Nairobi. Kwenye ramani za jiji jina letu halipo. Kuna barabara juu, kuna mto chini, na katikati wamepaka rangi ya kijani kana kwamba ni msitu. Mimi nashona sare za shule mjini, kwenye chumba cha ghorofani tunachokodi wanawake kadhaa, na wenzangu wakinisikia nikisema ninakoshukia hawaachi kunitania.

"Madam wa Spring Valley! Leo dereva amekuacha?"

"Amepeleka mbwa kwa daktari," huwa nawajibu, tunacheka, tunaendelea na mashine.

Sijawahi kuwaeleza vizuri ninakotoka. Ni vigumu kueleza. Kijiji chetu hakikuanzishwa na mtu aliyetaka kuishi hapo. Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakipigana na Mau Mau, watu waliokuwa wametawanyika kwenye matuta na kwenye kambi za mashamba ya kahawa walichomewa nyumba, wakakusanywa bondeni, wakaambiwa wajenge kwa mistari. Walipomaliza kujenga wakaambiwa wachimbe handaki kuzunguka nyumba zao wenyewe. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, kwa hiyo wachimbaji walikuwa wanawake na watoto. Mama alikuwa msichana mdogo. Alibeba udongo kwa kiondo, kamba ikiwa kwenye paji la uso, na mpaka siku ya mwisho alikuwa na kibonde juu ya nyusi, pale kamba ilipokaa. Nikiwa mtoto nilipenda kukitia kidole.

Ndani ya handaki ilisimikwa mianzi iliyochongwa. Palikuwa na geti moja tu. Homugadi, mlinzi wa wakoloni, alipiga firimbi, wanawake wakatoka kutafuta chakula. Akapiga tena, wakarudi mbio. Aliyechelewa alibaki nje, na kubaki nje kulikuwa hatari kuliko njaa. Mama hakupenda kusimulia haya. Alisimulia kidogo kidogo, kwa kawaida akiwa anamenya kitu.

Hali ilipotulia, wanawake wale wale walilifukia handaki. Siku hiyo ndiyo aliyopenda kusimulia. Alisema walipomaliza hakuna aliyejua la kufanya, mpaka mama yake alipokunja nguo, akapita juu ya udongo mpya mpaka ng'ambo, akageuka, akarudi. Wote wakafanya hivyo, kila mmoja nyuma ya nyumba yake. Walivuka na kurudi mpaka udongo ukashikana.

Hapo ndipo ilipoanza desturi yetu. Hakuna mtu aliyejenga juu ya handaki. Lilibaki kama njia ya kuzunguka kijiji, na kila nyumba ya pembeni ilikuwa na pake pa kuvukia. Bibi arusi aliingia kijijini kwa kuvuka handaki. Mtoto mchanga akitolewa nje mara ya kwanza alivushwa, akaonyeshwa mto, akarudishwa. Na aliyekufa alitolewa kwa nyuma. Pale palipokuwa na geti tulipafanya jaa. Gari la makaa au la mawe lilipita hapo, kwa sababu gari lilihitaji barabara, lakini watu hawakupita. Hata pasta, ambaye si mtu wa kwetu, alizoea kushuka na kiatu chake kizuri kwenye tope la nyuma.

Mama alivuka kila siku ya maisha yake. Alikuwa na kipande cha nduma kando ya mto, na nadhani hata kama kisingeota kitu angeenda tu.

Sasa nieleze jinsi njia yetu ilivyokuwa mali ya mtu mwingine, kwa sababu watu wengi wa nje hudhani tuliibiwa.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaacha shule darasa la saba, wakati serikali ilipomtuma sarveya kutupimia ploti. Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha nasari, watu wazima wakikalia viti vya watoto. Sarveya alikuwa kijana mpole. Alisoma ploti moja moja, mwenyewe akaitikia. Mwisho akaweka kidole pembeni mwa karatasi na kukizungusha.

"Na hiki kipande kinachozunguka? Nikiandike kwa jina la nani?"

Watu wakatazamana. Mtu akacheka huko nyuma. Mama akasimama.

"Hicho si cha mtu. Hilo ni handaki. Handaki halina mwenyewe. Andika hivyo."

"Mama, nikiandike basi kwa jina la kijiji? Kwa pamoja?"

"Hata kijiji hakitaki. Tuchukue handaki tulipeleke wapi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele. Sarveya akauliza tena, na safari hii wakajibu wote kwa sauti moja, kama shuleni: "Halina mwenyewe!" Akaandika. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha kubwa. Tuliamini kwamba kitu kisicho na mwenyewe hakiwezi kuuzwa. Nani angekiuza?

Miaka mingi baadaye kikauzwa. Aliyekinunua alinunua pia shamba la chini mpaka karibu na mto, ajenge nyumba za ghorofa moja moja za kupangisha. Alikuwa na hati. Hati yake ilifuata mstari ule ule uliochorwa na sarveya, yaani mstari ule ule uliochimbwa na mama. Ukuta ukapita juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale kwenye jaa, ambapo barabara inaingia, wakasafisha, wakapanda maua, wakaweka geti.

Na ukuta ulijengwa na vijana wetu. Sina haja ya kuficha hilo. Kibarua kilitangazwa, wakaenda. Mama aliwapelekea chai.

Jirani yetu, mzee wa rika la mama ambaye tangu utotoni namwita tata, yaani dada wa mama, alimkaripia. "Unawapa chai hawa? Wanatufungia!"

"Wana njaa," mama akasema. "Hata sisi tulichimba tukiwa na njaa."

"Sisi tulichimba kwa viboko!"

"Na hawa kwa unga. Shika kikombe hicho."

Ukuta ulipopita urefu wa mtu wakaweka nyaya za umeme juu. Getini wakaletwa masoja. Walisema ni kwa usalama wa wote. Mwenyeji alipewa kadi, mgeni aliacha kitambulisho. Watu wakalalamika wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Ndivyo tulivyo. Asubuhi tunapanga foleni tukitoka, jioni tunapanga foleni tukiingia, na saa nne usiku geti linafungwa.

Mama hakuchukua kadi.

"Nilitoka kwa geti nikiitwa na firimbi," aliniambia. "Nikaapa. Sitoki tena kwa geti, hata nikifa."

"Utakaa ndani mpaka lini?"

"Nitatoka. Lakini si hapo."

Nilidhani ni hasira ya siku chache. Haikuwa hasira. Hakugomba na mtu. Aliamka, akafagia, akaweka kigoda chake nyuma ya nyumba palepale alipokuwa akivukia, akakaa akiutazama ukuta. Tata alikuja kukaa naye. Walikuwa wamebaki wao wawili tu kati ya waliochimba. Wakati mwingine niliwasikia wakicheka huko nyuma kama wasichana, na nikitokea wananyamaza.

Kanisani hakwenda tena, akawa anaimba nyumbani. Nduma zake nilizipalilia mimi Jumamosi. Ili kufika nyuma ya nyumba yetu wenyewe ilinibidi nitoke getini, nipande mpaka barabara ya juu, nizunguke upande wa Kitisuru, nishuke tena hadi mtoni. Nikiwa huko niliuona ukuta kwa upande wa pili na mabati ya nyumba yetu juu yake. Niliita, "Mama!" Naye aliitikia, "Zimeota?" Nikamwambia zimeota. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, miguu yake ikavimba. Nilimleta daktari wa zahanati. Soja alimzuia getini mpaka alipopiga simu kwa meneja wa mradi, na daktari alipofika kwetu alikuwa amekasirika, akampima mama haraka. Alisema moyo umechoka, apelekwe hospitali. Mama akamshukuru vizuri, akamuuliza habari za watoto, akakataa.

Siku iliyofuata sikwenda mjini. Nilikwenda kwa meneja, ambaye ofisi yake ni kontena lililopakwa rangi nyeupe. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti.

"Naomba mlango," nikamwambia. "Mdogo tu. Nyuma ya nyumba yetu. Hata mkiufungua siku moja mkaufunga."

"Wa nini, mama?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua ramani ukutani, akaniita nione.

"Mimi hapa sioni njia," akasema. "Ningeona njia, hata ya miguu, ningekusaidia. Naona kipande ambacho kiliandikwa hakina mwenyewe. Sijui nani aliwaambia waandike hivyo. Huyo ndiye aliyewamaliza."

Nilimshukuru nikatoka, na kutoka kwenye kontena hadi nyumbani nilikuwa nikifikiria nitamwambia mama nini. Mwishowe nilimwambia tu kwamba wamekataa.

"Walikuonyesha karatasi?" akauliza.

"Walinionyesha."

"Ilisemaje?"

Nikamfunika blanketi vizuri. Alikuwa amelala upande mmoja, miguu juu ya mto. Alitikisa kichwa polepole.

"Mimi ndiye niliyesema," akasema. "Hata yule kijana aliniuliza mara mbili."

Hilo ndilo lililokuwa likimkalia pale kwenye kigoda. Mimi nilidhani anautazama ukuta wa tajiri. Kumbe alikuwa akitazama maneno yake mwenyewe. Nilitaka kumwambia tulisema wote, chumba kizima, hata mimi nilipiga kelele pamoja na wengine. Nilimwambia. Akasema, "Nyinyi mliitikia," akafumba macho.

Alikufa Jumatano asubuhi, nikiwa nachemsha uji. Niliita nikidhani amelala.

Chifu akapewa habari, polisi wakaja wakaandika yao, na gari la mochari likasimama nje ya geti. Majirani walijaa uani. Vijana wale wale waliojenga ukuta walikuja, na mmoja wao, aliyekunywa chai ya mama kuliko wote, akasema kwa sauti ya chini:

"Mathe, tuambie tu. Tunaubomoa. Dakika chache shosho anapita."

"Na nyaya za stima?" mwingine akauliza.

"Tunazima huko kwa meneja."

"Na wewe ukishikwa nani atakutoa?"

Wote wakanitazama mimi. Sikuwahi kutazamwa hivyo na watu wengi. Mama alikuwa ameapa, na kiapo chake kilikuwa mikononi mwangu. Niliwatazama vijana wale, nikaona mmoja ana mke mwenye mimba, mwingine ana kesi tayari ya kuuza pombe. Nikafikiria mama akiwaona wanafungwa pingu kwa ajili yake, yeye aliyewapelekea chai. Nikasema hapana.

Wengine walinilaumu. Bado wananilaumu. Sijui kama nilifanya sawa.

Tulimfunga kwa blanketi lake na leso mpya. Niliwaomba vijana wamtoe kwanza kwa mlango wa nyuma. Walimbeba mpaka ukutani, miguu ikatangulia, tukasimama. Tata akaweka kiganja chake juu ya mawe, akakikandamiza hapo, akawa anapumua kwa nguvu. Hakuna aliyeomba wala kuimba. Kisha nikasema, "Basi," tukageuka tukazunguka nyumba, tukapita katikati ya kijiji tukielekea getini.

Soja wa zamu alikuwa kijana mgeni, amekuja mwezi huo. Alikuwa na kijitabu chake mkononi kwa mazoea. Alipotuona alivua kofia, lakini hakujua afanye nini na ile kazi aliyoajiriwa.

"Pole sana, mathe," akaniambia. "Sasa... shosho ako na kadi?"

"Hana. Hajawahi kupita geti lenu."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Alisimama akifikiri. Nyuma yangu watu wakaanza kunung'unika, mtu akamwita mjinga. Ndipo akaweka kijitabu chini, akafungua upande mmoja wa geti, kisha ule mwingine ambao hufunguliwa kwa malori tu. Mama akatoka. Nilikaza macho yangu kwenye maua yao mpaka tukapita.

Kwetu maiti kabla ya kuzikwa hupitishwa nyumbani. Familia yote ilitarajia hivyo, na mjomba wangu, mdogo wa mama, akawa ameshakodi viti na hema. Nilimwambia mama harudi nyumbani.

"Unataka watu waseme nini?" mjomba akafoka. "Mama yako apelekwe makaburini kama mtu asiye na boma?"

"Akirudi, itabidi atoke tena kwa geti."

"Si ameshatoka!"

"Mara moja," nikasema. "Hiyo moja nimeibeba mimi. Ya pili siwezi."

Alininyamazia mpaka siku ya mazishi. Lakini alikuja, na viti akavirudisha.

Kwa hiyo siku hiyo gari lilipita upande wa Kitisuru, likashuka njia ya vumbi mpaka pasipopitika, na vijana wakalibeba jeneza hadi kwenye nduma. Watu walisimama kwenye majani mapana, viatu vizuri vikizama. Pasta aliomba kwa kifupi, na mimi nikaomba jeneza lisogezwe karibu na ukuta, upande wa nje, mkabala na nyumba yetu. Tata hakuweza kuzunguka mwendo wote ule kwa miguu yake. Tulikuwa tumemwacha nyuma ya nyumba, kwenye kigoda cha mama.

"Tata!" nikaita.

"Mmefika?" sauti yake ikatoka ng'ambo, ndogo.

"Tumefika."

"Naye?"

"Naye yuko hapa."

Mto ulikuwa unasikika.

"Yuko upande gani?"

"Wa nje, tata. Wa mtoni."

Tukasikia akicheka, kile kicheko chao, kisha akaanza kulia, kisha akapaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Wewe! Usirudi huku, umesikia? Kaa huko huko!"

Mjomba wangu akageuza uso. Tulilibeba jeneza tukapanda, tukaenda makaburini upande wa pili wa jiji, tukamzika pamoja na watu asiowajua, kwa sababu ploti zetu ni ndogo mno kuzikia.

Nikiwa njiani kurudi nilishuka tena mtoni peke yangu. Nilikuwa bado na nguo za mazishi. Nilichimba nduma mbili zilizokuwa zimekomaa, nikazisuuza, nikazitia kwenye mfuko, nikazunguka mpaka getini. Foleni ya jioni ilikuwa imeanza. Soja alikuwa yule yule. Nilitafuta kadi yangu nikaikosa, nadhani iliangukia makaburini.

"Si unanijua," nikamwambia.

"Nakujua, mathe. Lakini meneja yuko hapo."

Nikampa kitambulisho. Akakiandika, akakiweka kwenye kisanduku pamoja na vya wageni. Nilikwenda moja kwa moja kwa tata, nikawasha jiko lake, nikachemsha nduma. Alikuwa amekaa kitandani na shali yake. Zilipoiva nikammenyea moja, akaitazama, akauliza ni ya wapi.

"Ya mama."

Akaila yote. Ile nyingine akaifunga kwenye leso, akaniambia ni ya kesho.